Chupa mbili za bia za sanduku moja: moja asali, nyingine katoni iliyolowa. Nini kimetokea?

MtunzaChupa:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kukomaza bia kali. Nimefungua chupa tano ndani ya miezi miwili na kila moja imeniachia swali.

Mwaka 2016 nilinunua sanduku la chupa 12 za balewaini (bia nzito ya shayiri, si mvinyo), ml 355 kila moja, kileo asilimia 10.5, za kiwanda kidogo ambacho jina lake nitaliacha kwa sababu nashuku mwenye kosa ni mimi. Ya kwanza niliinywa wiki ileile. Ilikuwa chungu ya kukunja uso, hopsi (yale maua yanayotia bia uchungu) zinanukia ganda la chungwa na utomvu wa msonobari, na kileo kinapanda puani kabla hujameza. Kwenye daftari niliandika maneno mawili tu: "ugomvi mtupu". Zilizobaki nikazishusha stoo ya chini ya nyumba, gizani, kila kizibo nimekiandika namba kwa maka peni, 2 mpaka 12. Ndiyo, mimi ni mtu wa aina hiyo.

Namba 2 niliifungua 2018. Ugomvi umepungua, uchungu bado upo. Namba 4 nikaifungua 2020, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanasubiri. Karameli, tende, ganda la mkate, na kile kileo kilichokuwa kikipiga kelele sasa kinapasha kifua joto tu. Nikaandika: "ngoja tena".

Nikangoja. Mwaka huu, 2024, nilianza na namba 9. Wakuu, nilikaa nayo saa nzima. Rangi ya shaba iliyokolea, povu dogo lisilodumu, harufu ya zabibu kavu, asali nyeusi, ngozi ya kiti cha zamani, na kwa mbali kabisa kitu kama uwatu. Uchungu umebaki wa kushikilia utamu usimwagike. Nusu ya pili ya glasi ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza.

Wiki mbili baadaye nikafungua namba 3. Sanduku lilelile, siku ileile ya kutengenezwa. Nilipoinusa nikadhani glasi imeshika harufu ya kabati. Nikaiosha, nikamimina tena. Katoni. Katoni iliyonyeshewa mvua ikaachwa nje. Mdomoni nyepesi, utamu umekaa peke yake kama mtu aliyesahauliwa stendi. Namba 5 ikawa mbaya zaidi, ikaongeza na kaharufu ka sosi ya soya. Kwa hasira nikafungua namba 11 siku hiyohiyo, nayo ikatoka tamu, ndugu ya namba 9 kabisa.

Ya tano ilikuwa stauti (bia nyeusi nzito) ya kahawa ya 2019, asilimia 11, chupa pekee niliyokuwa nayo. Ilikuwa inanuka pilipili hoho mbichi. Sitanii. Hoho.

Maswali: imekuwaje chupa za sanduku moja zitofautiane hivi? Hiyo hoho imetoka wapi? Na nimebakiwa na balewaini tano, namba 6, 7, 8, 10 na 12. Nizinywe sasa au nizidi kusubiri? Mwisho wa mwezi nina wageni watano wanaopenda mambo haya, na nimenunua chupa moja mpya ya bia hiyohiyo ya mwaka huu tulinganishe.

---

Mlevi_Mstaarabu:

Mkuu, miaka minane? Kwangu bia haijawahi kumaliza siku nane. Kwa Kiswahili nilichofundishwa na mama, kitu kilicholala kinaitwa kiporo. Wewe una kiporo cha miaka minane halafu unashangaa kina harufu.

Zinywe. Ukifa leo hizo namba zako atazisoma nani?

---

Mzee Kizibo:

Mlevi umenichekesha, lakini hilo neno lako ndilo lenyewe hasa. Kiporo ni kitu kilicholala bila kutengenezwa ili kilale. Bia nyingi ziko hivyo: ya asilimia 5 ukiilaza mwaka mmoja utapata kiporo halali. Balewaini, stauti nzito, na zile nyeusi za watawa wa Ubelgiji zina kileo kingi, sukari ambayo hamira haikuimaliza na kimea kilichokolea, kwa hiyo zinastahimili usingizi. Kustahimili, lakini, hakuna maana kwamba popote utakapozilaza zitaamka salama.

MtunzaChupa, nijibu kwanza mambo matatu. Sanduku lilikaa wapi hasa, likipakana na nini? Chupa zilisimama au zililazwa? Na hizo namba ulizipanga vipi ndani ya sanduku? La mwisho nauliza kwa sababu naona 3 na 5 ziko kundi moja, 9 na 11 kundi jingine, na mimi siamini sadfa mpaka nimeikagua.

Wakati nasubiri, niseme kuhusu katoni. Siku bia inapozibwa, hewa kidogo hubaki shingoni mwa chupa, na nyingine huendelea kupenya polepole mno kupitia ule utando laini ulio ndani ya kizibo, mwaka hata mwaka. Mafuta machache yaliyotoka kwenye shayiri yakishaguswa na oksijeni, mwisho wa safari yao ni kitu kinachoitwa trans-2-nonenali. Hiyo ndiyo katoni yako. Pua ya binadamu huikamata hata ikiwa mikrogramu 0.1 tu katika lita nzima, kwa hiyo bia haihitaji kuoza ndipo uinuse.

Sasa sikiliza kinachowachanganya wengi: oksijeni hiyohiyo ndiyo iliyokupa namba 9. Ile harufu uliyoiita uwatu, hukukosea hata kidogo. Inaitwa sotoloni, na ndiyo inayoupa uwatu harufu yake, ndiyo iliyomo pia kwenye mvinyo wa sheri uliozeeka. Huzaliwa bia inapokutana na hewa kidogo kwa muda mrefu. Bia ya kimea cheusi au kilichookwa sana huwa na kinga yake ndani, yale yanayotokea kimea kinapogeuka hudhurungi tanurini hupunguza makali ya oksijeni. Ndiyo maana bia nyeupe ya kileo kikali huchoka upesi kuliko nyeusi ya kileo kilekile.

Uchungu nao hupungua kwa njia yake. Zile asidi za hopsi zinazotia uchungu ziko za maumbo mawili, na umbo moja huvunjika haraka kuliko jingine. Harufu ya ganda la chungwa huondoka mapema zaidi, miezi michache tu. Ukitaka chungwa, kunywa ikiwa changa.

Joto ndilo linaloamua kasi ya haya yote. Kwa kukadiria, nyuzi 10 zikiongezeka mabadiliko huenda kasi mara mbili mpaka tatu. Na chupa iliyopata joto hairuki tu miaka mbele ikafika kulekule. Mara nyingi hupita njia nyingine, yenye katoni nyingi na uwatu kidogo. Ndiyo maana nimekuuliza swali la kwanza.

---

MtunzaChupa:

Shikamoo mzee. Nimeshuka stoo na tochi na kipimajoto cha jikoni na nimerudi na aibu.

Sanduku ni refu, lina safu mbili za chupa sita sita. 1 mpaka 6 upande wa ukutani, 7 mpaka 12 upande wa nje. Zote zimesimama. Ukutani, nyuma ya sanduku, kuna bomba la maji ya moto. Lilipitishwa pale 2021 wakati wa matengenezo. Mimi mwenyewe nilimwonyesha fundi njia ya kulipitisha, na sanduku nikalirudisha mahali pake kwa mikono yangu miwili, nikaona nimefanya kazi nzuri.

Nilipima baada ya watu kuoga asubuhi. Upande wa bomba: nyuzi 29. Upande wa nje: nyuzi 16. Katikati yake ni upana wa chupa mbili na kadibodi.

Kwa hiyo namba 4 ya 2020 ilikuwa nzuri kwa sababu bomba halikuwepo. Na namba 6 ninayoitunza kwa heshima zote imepikwa miaka mitatu.

---

Mlevi_Mstaarabu:

Nimesema nini? Kiporo, tena kimepashwa moto.

---

Dada Chachu:

Pole kaka, lakini umetufurahisha, maana mafumbo ya aina hii hayapati jawabu mara nyingi hivi. Mimi ni mtengenezaji wa nyumbani, niongeze upande wa hamira ambao mzee hakuugusa.

Kama bia yako ilizibwa ikiwa na hamira hai (angalia kama kuna mashapo chini ya chupa), mwanzoni hamira hiyo ni rafiki: huikula oksijeni iliyobaki shingoni na kuitunza bia. Baada ya miaka inakufa, seli zinapasuka, na vilivyokuwa ndani vinamwagika kwenye bia. Kidogo kinaleta uzito mzuri mdomoni, kama mchuzi. Kikizidi, ndiyo hiyo sosi ya soya uliyoikuta kwenye namba 5. Joto huharakisha kifo chao pia. Kwa hiyo bomba lako limeua mara mbili.

Sasa hoho. Usijilaumu kwa hilo, ni ugonjwa unaojulikana wa stauti za kahawa. Kahawa ndani ya bia ni mgeni, haikai miaka. Harufu nzuri ya kukaangwa ndiyo hutangulia kuondoka, na zikiondoka zile za juu, za chini zilizokuwa zimefunikwa zinajitokeza, na mojawapo ndiyo hiyo ya hoho mbichi. Mimi stauti yenye kahawa naimaliza ndani ya miezi sita. Yenye vanila au pilipili vilevile, sababu pilipili hupoa na vanila hufifia, unabaki na stauti ya kawaida iliyokugharimu subira. Stauti tupu, isiyo na kitu kilichoongezwa, hiyo ndiyo ya kulaza. Iliyokaa kwenye pipa la wiski nayo hulala vizuri, ila mti na kileo vyake hulegea. Wengine wanapenda, mimi nadhani kinachopotea pale ni kile ulichokilipia.

Kuhusu wageni wako: chupa zitoke stoo siku mbili kabla, zisimame bila kutikiswa. Zinyweke kwenye nyuzi 12 mpaka 14, maana zikitoka kwenye friji moja kwa moja hutasikia chochote zaidi ya baridi na utamu. Glasi ndogo yenye mdomo uliobana. Mimina kwa mkono mmoja bila kurudisha chupa wima katikati, acha kidole kimoja cha mashapo chini. Mtu akitaka kuyaonja, ayaonje mwisho kwenye glasi yake.

Mpangilio: anza na mpya, malizia na za zamani. Mdomo unaijua bia ilikotoka ndipo unaelewa ilikofika.

---

Mzee Kizibo:

Dada yangu, hapo mwisho tunaachana. Bia mpya ina hopsi kali kiasi kwamba ulimi ukishaipata unakufa ganzi, na ya zamani ni mpole, itapita bila kusikika. Mimi naanza na ya zamani wakati ulimi ungali safi. Mpya naileta mwisho, kisha narudi tone moja kwenye ya zamani. Kurudi huko ndiko kunakofundisha.

MtunzaChupa, leo hii lihamishe sanduku. Usingoje kesho.

---

HopsiMbichi:

Nitakuwa mbaya wa mjadala, mnisamehe.

Nimeonja bia za miaka mingi kwa karibu miaka 15 sasa, na kwa hesabu ya daftari langu mwenyewe (ndiyo, na mimi ninalo) chupa zilizokuwa bora kuliko zilipokuwa changa hazifiki robo. Nyingine zilikuwa tofauti tu, na nyingi zilikuwa mbaya zaidi. Tatizo ni kwamba mtu akishasubiri miaka minane hawezi kukubali kwamba amesubiri bure, kwa hiyo katoni anaiita "karatasi ya kitabu cha zamani" na uchachu anauita "uhai". Tunachokiita ukomavu mara nyingi ni kuzoea hasara.

Bia yenyewe ilitengenezwa na mtu aliyeionja ikiwa mpya akaridhika nayo. Kama angetaka ilale angeilaza yeye. Samichlaus, bia ya Austria ya asilimia 14, hutengenezwa tarehe 6 Desemba na hukaa kiwandani takriban miezi kumi ndipo itoke. Hao walijua wanachofanya. Wewe stoo yako ina bomba.

---

Mzee Kizibo:

Robo naikubali. Pengine hata ni nyingi.

Lakini wapo watengenezaji waliotuambia wazi tulaze. Bia iitwayo Thomas Hardy's Ale ilipotolewa mara ya kwanza na Eldridge Pope wa Dorchester, mwaka 1968, chupa zilikuja na madai kwamba itazidi kuwa nzuri mpaka miaka 25. Fuller's wa London wamekuwa wakitoa Vintage Ale kila mwaka tangu 1997, asilimia 8.5, ikiwa na hamira hai ndani ya chupa, na kila chupa imeandikwa mwaka wake. Stone Brewing wa California walikwenda mbali zaidi, walitoa bia moja kila mwaka kuanzia tarehe 2 Februari 2002, kisha 3 Machi 2003, hivyo hivyo mpaka 12 Desemba 2012, na wakawaambia watu wazitunze zote wazionje pamoja mwishoni. Watu walitunza. Baadhi ya chupa zilifika hazina nguvu, nyingine zilifika nzuri, na ninadhani hata wenyewe hawakuweza kusema mapema ipi ni ipi.

Na zipo bia za Ratcliff Ale ya 1869 na King's Ale ya 1902, zote za kiwanda cha Bass cha Burton, Uingereza. Chupa zake zimefunguliwa katika karne hii na watu wakazinywa. Hakuna bomba lililopita karibu nazo, nadhani.

Halafu kuna Orval, bia ya watawa wa Ubelgiji, inayovunja kanuni zote nilizotoa hapo juu. Ni asilimia 6.2 tu. Ikiwa mpya inanukia hopsi. Wanapoitia kwenye chupa wanaiongezea hamira ya mwituni, Brettanomyces, ambayo inaendelea kula polepole sukari ambazo hamira ya kawaida huziacha. Baada ya mwaka au miwili hopsi zimeondoka, bia imekauka, ina harufu ya zizi la farasi kwa maana nzuri ya maneno hayo. Hapo kileo hakilindi chochote, kazi yote inafanywa na kiumbe kilichomo ndani. Mtu anayetaka kuanza kujifunza kulaza bia namshauri Orval sita, afungue moja kila miezi minne. Miaka minane ni shule ndefu kwa mwanafunzi wa kwanza.

---

HopsiMbichi:

Orval nakupa. Ila mimi naipenda ikiwa na miezi mitatu.

---

MtunzaChupa:

Wakuu, wageni walikuja jana. Ripoti ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Sanduku nililihamishia chini ya ngazi, penye nyuzi 13 saa zote. Tulikuwa watu sita. Nilifungua nne za zamani, 6, 7, 8 na 12, pamoja na ile mpya. Ml 355 kwa watu sita ni kama ml 59 kwa mtu, kwa hiyo kwa chupa zote tano kila mmoja alikunywa chini ya ml 300 usiku mzima. Inaonekana kidogo mpaka upige hesabu: kwenye asilimia 10.5 hiyo ni karibu gramu 25 za kileo kitupu. Maji yalikuwa mezani na hakuna aliyeendesha gari.

Kuhusu mpangilio niliwasikiliza wote wawili kwa kufanya hila. Watatu walianza na mpya, watatu walianza na za zamani. Walioanza na mpya waliisifu mpya. Walioanza na za zamani walisema mpya ni kelele. Baada ya nusu saa walibadilishana glasi na wakabadilishana na maoni pia. Kwa hiyo Dada Chachu na Mzee, endeleeni kubishana, mimi sina hukumu.

Namba 7 na 8: pacha. Zile tende, ile asali nyeusi, na safari hii nikapata kitu kipya, ganda la jozi, kaukakasi kadogo pembeni mwa ulimi. Mmoja wa wageni, ambaye huwa hasemi, alisema "hii imetulia". Nikaiandika hivyohivyo. Kwenye daftari nina kurasa mbili za zabibu na karameli na hakuna neno lililopatia kama lile.

Namba 12 ndiyo iliyoniumiza. Upande wa nje, mbali na bomba, nimeitegemea kuliko zote. Ilipofunguliwa haikulia. Hakuna hata pumzi. Gesi yote imeondoka, na ndani katoni tupu, kuliko hata namba 3. Tulipokiangalia kizibo tukaona duara la kutu upande mmoja na ukingo umebonyea kidogo, kitu ambacho nisingekiona bila kukipeleka kwenye taa. Kwa hiyo nadharia yetu ya safu mbili ni sahihi na bado haitoshi. Kizibo kimoja kibovu kilifanya kazi ya bomba zima.

Sasa namba 6. Niliifungua mwisho, na niliwaonya watu kabla: jamani, hii imepikwa, tunaionja kwa ajili ya elimu. Rangi nyeusi kuliko zote, karibu ya chai ya rangi iliyokaa jikoni asubuhi nzima. Nikanusa nikisubiri katoni. Ilikuwepo, lakini nyuma, kama mtu anayeondoka. Mbele yake kulikuwa na uwatu mwingi, sheri, sukari iliyoungua, na hiyo soya ya Dada Chachu kiasi cha kuonja tu. Nyepesi mdomoni kuliko 7 na 8, mwisho wake mfupi. Mimi niliipa alama ya chini. Wawili kati ya sita waliipenda kuliko zote na walimaliza hata mashapo.

Nimekaa na hilo tangu jana. Namba 3 na 5 nilizifungua miezi mitatu iliyopita na zilikuwa mbaya bila mjadala. Namba 6 ilikaa pembeni ya bomba lilelile, na hata nikihesabu wiki chache chini ya ngazi haielezei. Labda ilikuwa kona ya sanduku, joto lilikuwa tofauti. Labda imeshaivuka katoni ikatokea ng'ambo.

---

Mzee Kizibo:

Inawezekana kabisa. Katoni huwa na kilele chake halafu hushuka, au tuseme hufunikwa, wakati sheri na sukari iliyoungua zinaendelea kupanda. Chupa nyingi hufunguliwa zikiwa kwenye kilele hicho, watu wanazimwaga, na hawajui zilikuwa njiani. Sikuambii kila moja huvuka. Nyingi hufia hapohapo.

Hao wawili walioipenda, waalike tena.

---

Dada Chachu:

Kaka, namba 7 na 8 zilikuwa na gesi? Na mashapo yake yalikuwa yameshikana chini au yanaelea? Kama yanaelea zinywe karibuni, hamira imeanza kuachia.

Na namba 10 umeipeleka wapi? Hukuitaja.

---

MtunzaChupa:

Gesi ilikuwepo, kidogo, vipovu vya ukingoni tu. Mashapo yameshikana kama udongo wa mfinyanzi, nilipindua chupa na hayakutoka.

Namba 10 iko chini ya ngazi. Nimekipeleka kizibo chake kwenye taa, hakina kutu, ukingo umekaa sawa. Nimenunua nyingine sita za mwaka huu nikaziweka karibu nayo, namba 13 mpaka 18. HopsiMbichi, mojawapo nimeinywa jana usiku baada ya wageni kuondoka. Ugomvi mtupu.